Mdomo wa Bela

Wako watu waliomwogopa chui wa msituni, na wako walioiogopa radi, ambayo katika nchi ile ya chai hupiga karibu kila alasiri. Kepher Owino hakuogopa vitu hivyo. Yeye aliogopa kuchekwa.

Alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba moja la chai upande wa Boito, miaka ile ambayo chai ilikuwa bado ngeni na visiki vya msitu vilikuwa bado vinaonekana katikati ya mistari ya miche. Bwana wa shamba alikuwa Mzungu mrefu mwenye mafua yasiyokwisha, na kwa jinsi alivyopenga kamasi, wafanyakazi walimwita Bwana Tarumbeta. Farasi wake alikuwa mmoja tu, jike la rangi ya kahawia, jina lake Bela. Waliomtunza Bela walikuwa wawili: Kepher, aliyetoka kando ya ziwa, na Muturi, aliyetoka Nyeri, mtu mfupi, mcheshi, ambaye angeweza kufanya mzaha hata mazishini.

Walipendana hawa wawili, kwa namna ya watu wanaotaniana kutwa.

"Leo Bela hataki kunywa maji," Muturi angesema. "Amesikia harufu ya samaki mkononi mwako."

"Si samaki," Kepher angejibu. "Amekuona wewe umeshika ndoo. Anaogopa utamuuzia maji."

Mwaka ule goti la Bwana liliharibika, akawa hawezi tena kupanda. Na farasi asiyepandwa hunenepa na kujaa ujeuri. Basi Bwana akaamua kwamba mmoja wa masaisi wake atakuwa mpanda farasi: kila asubuhi atamkimbiza Bela, kisha atampanda kupeleka habari kutoka kitaluni hadi kiwandani. Yule mwingine angebaki na ufagio na ndoo.

Kwa Muturi hilo lilikuwa jambo la kuchekesha. "Watachagua kati ya gunia na gunia," alisema. Lakini kwa Kepher lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amekuja.

Mama Ayoo alikuwa ametoka ziwani kwa miguu kuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, Adoyo, aliyezaliwa na binti yake Dorcus. Mama huyu hakuwahi kuitaka ndoa ile. Siku ya posa alisema mbele ya watu kwamba hakumlea binti yake aje aolewe na mtu wa kuzoa mavi ya farasi. Dorcus aliolewa hivyo hivyo, lakini maneno yale yalibaki kwenye masikio ya Kepher kama maji ya mtoni yasiyotoka hata ukirukaruka.

Sasa mama alikuwa hapa, laini moja na yeye, safu ile ile ya nyumba za wafanyakazi. Hakulala nyumbani kwao, maana kwa desturi ya kwao mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Alikaa kwa jirani, Nyambeki, mwanamke wa Kisii mwenye moyo mkunjufu. Kepher hakumpa mkono. Hakula mbele yake. Alipokuwa na neno la kumwambia, alisimama mbali na kutazama pembeni. Hivyo ndivyo watu wa kwao walivyoheshimiana na wakwe. Mkwe akionekana mbele ya mama mkwe akiwa amelewa, au nguo imemvuka, au amepinduka miguu juu, ilikuwa aibu ya kumfanya mtu ahame kijiji.

Kwa juma zima Bwana aliwafundisha. Aliketi kando ya barabara, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya kigoda, akapiga kelele.

Kumpanda farasi anayetembea si kazi; hata gunia la mahindi linaweza. Shida huanza kwenye mwendo ule ambao Wazungu huuita troti, mwendo wa kudunda, ambamo farasi hurusha miguu miwili miwili kwa mshazari na mgongo wake hupanda na kushuka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Inampasa mpandaji ainuke na kuketi, ainuke na kuketi, sambamba na mdundo. Troti ikiwa ndogo, hilo linawezekana. Lakini Bela alikuwa na troti kubwa. Alipofunguka barabarani alinyoosha miguu ya mbele kana kwamba anaruka mitaro, na kila mdundo ulimrusha mtu juu kuliko alivyotarajia, ukamshusha mahali ambapo tandiko limekwisha kuondoka.

"Wewe enda na yeye!" Bwana alifoka kwa Kiswahili chake. "Yeye panda, wewe panda! Miguu ndiyo nashika wewe, hapana mikono! Mdomo yake hapana kamba ya daraja!"

Walimwelewa vizuri. Hatamu zilifungwa kwenye chuma, na chuma kilipita mdomoni mwa Bela, juu ya ulimi. Ukining'inia kwenye hatamu ili usianguke, unaning'inia kwenye ulimi wake. Kepher alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyekisugua chuma kile kila jioni mpaka kikang'aa.

Siku ya kuwapima ilikuwa Jumamosi, baada ya kazi. Njia ilitoka lango la kitalu, ikashuka bondeni kidogo, ikapanda hadi kiwandani, ambako Bwana aliketi akingoja. Watu walijipanga kando ya barabara kama siku ya sikukuu.

Muturi alitangulia. Aliinuka na kuketi vizuri tu mpaka pale barabara iliposhuka. Hapo Bela alifunguka. Muturi alichelewa mdundo mmoja, akalalia upande, na watu waliona mikono yake ikifunguka wazi, vidole vimetawanyika kama vya mtu anayefukuza kuku. Akatua kwenye tope.

Kicheko kilipanda hadi kwenye mikaratusi. Muturi alisimama, tope limemfika masikioni, akawainamia watu kama mhubiri aliyemaliza mahubiri.

"Nimefika," alisema. "Barabara ndiyo ilikuwa fupi."

Kisha ikawa zamu ya Kepher.

Alianza vizuri. Miguu yake mitupu ilikaa imara kwenye vikuku vya kukanyagia, vidole vya gumba vikibana chuma. Alishuka kuelekea bondeni akijihesabia moyoni, juu, chini, juu, chini. Bela akafunguka. Na papo hapo, kando ya barabara, hatua chache mbele yake, Kepher akamwona Mama Ayoo. Alikuwa amesimama na Nyambeki, mitungi yao wameitua chini. Alikuwa amekuja kumtazama.

Mguu wake wa kulia ulichomoka kwenye kikuku. Mwili ukaanza kwenda upande. Kwa muda ule mfupi Kepher alijiona tayari yuko chini, koti limemfunika kichwa, miguu imetazama mbinguni, mbele ya macho ya mama mkwe wake. Akazikamata hatamu kwa mikono miwili. Akavuta. Akaning'inia kwa uzito wake wote.

Bela alitoa sauti puani, sauti fupi, akainua kichwa juu sana. Kepher akarudi kwenye tandiko. Lakini hakuachia. Alikuwa amekwisha kuonja kuanguka, na mikono yake haikutaka kumsikiliza tena. Alining'inia hivyo hivyo mpaka kiwandani.

Kwa mtu aliyetazama kwa mbali, ilikuwa picha nzuri mno: farasi kichwa juu, mtu mgongo wima, wote wawili wakipanda kilima kwa kishindo. Watu walishangilia. Nyambeki alipiga vigelegele. Mama Ayoo hakupiga, kwa sababu ya heshima, ila aligeuka pembeni akatabasamu ndani ya leso yake.

"Mzuri!" Bwana Tarumbeta alisema. "Wewe ndiyo napanda."

Jioni, bandani, Kepher alimvua Bela lijamu, kile chuma cha mdomoni, na povu lililotoka nacho lilikuwa la rangi ya waridi. Alilifuta haraka kwa majani. Akautazama mdomo. Pembe moja ilikuwa imechanika, na ulimi ulikuwa na mkato mwekundu katikati. Akaleta maji ya chumvi akamwosha. Bela alitetemeka mwili mzima, lakini alisimama. Hilo ndilo lililomwumiza Kepher zaidi, kwamba alisimama.

Muturi aliingia na mzigo wa nyasi. Aliangalia ndoo, kisha mdomo, kisha Kepher.

"Ulimning'inia," alisema. Hakufanya mzaha.

"Kidogo tu."

"Mkato huo si wa kidogo." Aliutua mzigo. "Mimi nilipoona naenda, niliachilia. Nilijiambia, wacha niende, tope halina ulimi."

Kepher hakuwa amefikiri hivyo. Kama watu wote wa barabarani, alidhani Muturi alianguka kwa sababu hajui. Kumbe alianguka kwa sababu alizifungua hatamu.

"Utamwambia Bwana?" aliuliza.

"Mimi? Nimwambie nini mimi? Utamwambia mwenyewe," Muturi alisema. "Nenda asubuhi na mapema. Atapiga kelele, atapenga kamasi, yataisha. Kila anayejifunza huvuta. Yeye mwenyewe anajua."

Kepher alikwenda nyumbani akiwa amekusudia kabisa kusema. Lakini mlangoni alikuta Dorcus anamngoja, mtoto kifuani, uso wake unang'aa.

"Baba Adoyo, mama amekutumia neno," alisema. "Hawezi kukuambia mwenyewe, unajua. Amesema nikuambie hivi: siku ya posa mdomo wangu ulikosea. Mkwe wangu anisamehe. Amekaa pale juu kama bwana shauri wa serikali."

Kepher alikaa chini.

"Hufurahi?" Dorcus aliuliza.

"Nimechoka," alijibu. Usiku ule neno alilokuwa amelikusudia lilirudi nyuma kidogo kidogo, na kulipokucha lilikuwa mbali sana.

Asubuhi hakuwahi. Bwana ndiye aliyewahi. Alikuja bandani akichechemea na kipande cha sukari guru mkononi, ampe Bela. Bela alikataa sukari. Bwana akaufungua mdomo wake, akatazama, akageuka mwekundu mpaka shingoni.

"Nani nafanya hii?"

Masaisi wawili walisimama bega kwa bega. Muturi aligeuza kichwa polepole, akamtazama Kepher, akangoja. Alingoja bila hasira, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Kepher alifungua kinywa.

"Bwana," alisema, "jana tulimpanda sisi wote wawili."

Lilikuwa neno la kweli, kila sehemu yake. Ndiyo maana lilikuwa baya.

Bwana alifikiri. "Wewe hapana anguka," alimwambia Kepher. Kisha akamwelekea Muturi. "Wewe naanguka. Wakati naanguka, wewe nashika kamba!"

"Hapana, Bwana. Mimi niliachilia."

"Nyamaza! Mimi nasema namna gani kila siku? Mdomo hapana kamba! Toka! Kesho wewe kwa mtaro."

Mtaro ndio uliokuwa kazi mbaya kuliko zote shambani. Watu wa mtaro walichimba mifereji ya kuondoa maji katika sehemu mpya, wakiwa kwenye maji baridi mpaka magotini, na mvua ya alasiri, mara nyingine ya mawe, ikiwapiga mgongoni. Muturi alimtazama Kepher mara nyingine. Muda wa kusema ulikuwa bado upo. Kepher aliuona ukipita, akautazama mpaka ukaisha, kisha akainama kuokota ufagio.

Bwana alisema Bela asitiwe chuma mpaka apone. Kwa hiyo Kepher alikuwa mpanda farasi asiye na wa kupanda. Alipewa koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Alilivaa, kwa sababu angeulizwa kama asingelivaa.

Siku zile alimtunza Bela kuliko alivyomtunza mtoto wake. Alimkatia nyasi laini, akamlowekea pumba, akamwosha mdomo asubuhi na jioni. Kidonda kilianza kufunga. Lakini kila alipoinua mkono, hata mkono wenye nyasi, Bela aliinua kichwa juu kabisa, nje ya uwezo wake, akamtazama kwa jicho moja. Kwa Muturi hakuwahi kufanya hivyo. Kwa mtu yeyote mwingine hakuwa akifanya hivyo.

Nyumbani mambo yalizidi kuwa mazuri, na kila jambo zuri lilimchoma. Mama Ayoo, aliyekuwa arudi kwao, aliahirisha safari.

"Anasema haondoki mpaka akuone tena juu ya farasi," Dorcus alisema. "Kuna majirani zake waliomcheka kwa ajili yako. Anataka kwenda kuwaeleza vizuri." Kisha akaongeza, sauti imeshuka, "Lakini Wahu, mke wa Muturi, hanijibu salamu siku hizi. Leo kisimani alinipa mgongo. Mmekosana nini na Muturi?"

"Amehamishwa kazi. Ana uchungu."

"Kwa nini alihamishwa?"

"Alimwumiza farasi," Kepher alisema.

Mpaka hapo alikuwa ameficha tu. Sasa alikuwa amesema uongo. Alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, akitazama moshi wa jikoni wa laini nzima ukikaa juu ya mapaa ya nyasi bila kwenda popote, na alijiona mtu mdogo, mdogo sana ndani ya koti kubwa.

Kesho yake alikwenda mtaroni. Muturi alikuwa ndani ya shimo, sepetu mkononi, matope mpaka kiunoni. Midomo yake ilikuwa imepauka kwa baridi.

"Mpanda farasi," Muturi alisema bila kuinua kichwa, "simama mbali. Utachafua vifungo."

"Muturi, nitamwambia."

"Mwambie."

"Natafuta wakati mzuri tu. Mama mkwe akishaondoka..."

"Sawa. Ngoja aondoke." Alitupa udongo nje, ukaanguka karibu na miguu ya Kepher. "Mimi siendi mahali. Na huu mtaro nao hauendi mahali."

Wale wengine mtaroni walicheka, nao hawakujua wanacheka nini. Kepher alirudi alikotoka. Njiani alijaribu kumwomba Mungu, lakini maneno yalikataa, maana kila ombi aliloanza lilikuwa ombi la kwamba asijulikane.

Mdomo wa Bela ulipopona, Bwana alitaka kuona troti kubwa tena. Ilikuwa asubuhi, mvua ya usiku imeiacha barabara ikiwa laini na nyekundu. Watu walisimama kandokando kama safari ile, hata watu wa mtaro, ambao siku hiyo walikuwa wakichimba pale pale bondeni, waliegemea sepetu zao watazame. Muturi alikuwa kati yao. Na hatua chache kutoka kwake, Adoyo mgongoni, alisimama Mama Ayoo, na Dorcus, na Nyambeki.

Kepher alipanda. Alijiapiza kwamba leo mikono yake haitagusa kitu.

Troti ndogo ilikuwa ngumu. Bela alikwenda kichwa juu, mgongo umekakamaa kama ubao, akingoja maumivu kila hatua. Hakuwa akikimbia, alikuwa akijikinga. Kepher aliyasikia yote hayo kupitia tandiko. Alilegeza vidole. Akalegeza tena. Hakuna kilichomvuta Bela. Walipolipita kundi la kwanza la watu, shingo yake ilishuka kidogo.

"Kubwa!" Bwana alipiga kelele kutoka kiwandani.

Bela akafunguka. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Kepher Owino alikwenda pamoja na troti ile. Alipanda ilipopanda, akashuka iliposhuka. Magoti yalikuwa mepesi, macho yako mbele, mikono imetulia kama si yake. Bela aliteremsha kichwa na kupumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo. Ilikuwa safari ya muda mfupi tu, pengine kutoka mkaratusi mmoja hadi mwingine. Kisha barabara ikashuka, ukwato mmoja ukateleza kwenye tope, na mdundo ukavunjika.

Kepher alikwenda upande. Mikono yake, ile ile, ikaanza kufunga yenyewe.

Bela alisikia hatamu zikikaza. Kabla hajavutwa alikwisha kurusha kichwa, jicho lake limegeuka jeupe kwa hofu, na Kepher aliliona jicho lile likimtazama kutoka karibu sana. Upande wa pili, nje kidogo ya jicho, aliiona leso ya mama mkwe wake. Aliviona vyote viwili.

Akafungua mikono.

Alianguka vibaya. Aligonga ukingo wa barabara, akapinduka, akateleza kifudifudi mpaka mbele ya wanawake. Suruali ilichanika kutoka kiunoni hadi gotini, kwa sauti iliyosikika na kila mtu. Kikaja kile kicheko alichokikimbia maisha yake yote, cha wanaume na cha wanawake, na kilimwumiza kama vile alivyojua kitamwumiza. Hakikupungua hata kidogo kwa sababu alikuwa amechagua mwenyewe.

Mama Ayoo hakucheka. Pale pale suruali ilipochanika alikuwa amegeuka, akawa ameelekea kwenye chai. Alimpa Nyambeki mtoto, akafungua leso yake, akarudi nyuma hatua moja moja, kinyumenyume, mpaka kisigino chake kikagusa tope karibu na Kepher. Akaidondosha leso nyuma yake bila kugeuza kichwa.

"Mkwe," alisema, "mimi natazama chai. Chai imestawi."

Kepher alijifunga leso kiunoni. Aliposimama, Bwana Tarumbeta alikuwa amefika akichechemea, amekasirika. Bela alikuwa amesimama kando, hatamu zinaburuta, akitafuna majani.

"Kwa nini naachia kamba?" Bwana alifoka. "Siku ile wewe hapana anguka! Siku ile wewe mzuri!"

Angeweza kusema barabara iliteleza. Ingekuwa kweli, kila sehemu yake.

"Siku ile sikuanguka kwa sababu nilimning'inia mdomoni," Kepher alisema. "Ni mimi niliyemkata ulimi, Bwana. Muturi hakumwumiza. Muturi aliachilia, ndiyo sababu alianguka. Nilijua tangu jioni ile. Ulipouliza, nilificha."

Hakuna aliyecheka tena. Dorcus alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Mama Ayoo, mgongo wake bado umewaelekea wote, alisimama kidogo bila leso katika baridi ile, kisha akamchukua mjukuu wake kwa Nyambeki na kuondoka kati ya mistari ya chai. Hakukimbia. Wala hakugeuka.

Bwana alitoa kitambaa, akapenga kamasi kwa muda mrefu. Alipomaliza hakuwa akipiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Toa koti," alisema. "Wewe kwa mtaro. Muturi! Toka huko."

Kepher alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kisiki. Muturi alipanda kutoka shimoni. Alijifuta mikono kwenye nyasi, upande huu na upande huu, kwa makini, kabla ya kumsogelea Bela. Bela hakuinua kichwa. Alimnusa kifuani.

"Muturi, ndugu yangu," Kepher alianza.

"Ungesema siku ile ile, mimi ningecheka," Muturi alisema. "Na ningekutetea. Ningemwambia Bwana, huyu ni mtu wa mitumbwi, amezoea kushika kamba."

"Najua."

"Sasa mzaha umeniishia. Labda utarudi." Alimtazama Kepher, leso ya maua ya manjano kiunoni, tope usoni, na kwa kitambo kidogo mdomo wake ulitaka kucheza. Aliuzuia. Akamkabidhi sepetu. "Mpini umelegea. Shika chini kabisa, la sivyo utakuvua ngozi."

Akazikusanya hatamu kwa vidole viwili, akamwongoza Bela kupanda kilima akienda kwa miguu, akimsemesha kwa Kikikuyu, maneno ambayo Kepher hakuyajua.

Kepher aliingia mtaroni. Maji yalikuwa baridi kuliko alivyodhani, na yalimfika magotini. Watu wa mtaro walisogea wakampa nafasi, naye akashika mpini chini kabisa, akaanza kuchimba.